Mkungu wa Mashavu

Mama yake Mashavu ni msusi. Anasuka nywele nje, penye kivuli cha nyumba.

Lakini kivuli hakitulii! Asubuhi kiko mbele. Jioni kiko nyuma. Kigoda cha Mama nacho kinahama, buru, buru, buru.

Mchana hakuna kivuli kabisa. "Jua hili litanikaanga!" wateja wanalalamika. Wanaondoka nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima!

Siku moja Mashavu akaokota tunda la kungu shuleni, chini ya mti mkubwa wa mkungu. Akala nyama yake tamu. Kokwa akalifukia uani. Akamwagilia maji, chururu, chururu.

"Kua, mkungu wangu, kua!
Mama anataka kivuli."

Weee, mti ule ulikuwa na haraka! Mwaka wa kwanza ukamfika Mashavu kidevuni. Mwaka wa pili ukampita Mama. Matawi yakatanda huku na huku, ghorofa juu ya ghorofa.

Kisha majani yakawa mekundu. Yakaanguka. Po! Po! Po! Halikubaki hata moja.

Mjomba Sefu akaja na jembe. "Mti huu umekufa," akasema. "Naung'oa, nisimike nguzo ya turubai."

Mashavu akaukumbatia mti. Machozi yakamtoka. "Ngoja kwanza, Mjomba! Naenda kumwona mama yake."

"Mama yake nani?"

"Mama yake mti!"

Mbio, mbio, mpaka shuleni. Mashavu akatazama juu. Lo! Mkungu mkubwa nao uko mtupu! Lakini kwenye ncha za matawi kuna vichipukizi vidogo vidogo.

Akarudi akihema. "Mjomba, mama yake naye kavua majani!"

Akachukua chanuo cha Mama. Akakwaruza kijitawi, kwaru, kwaru. Ndani ni kijani kibichi.

"Uko hai!" Mashavu akarukaruka.

"Haya, umenishinda," Mjomba akacheka. Akarudisha jembe stoo.

Mashavu akamwagilia tena, chururu, chururu.

"Kua, mkungu wangu, kua!
Mama anataka kivuli."

Vichipukizi vikafunguka. Majani yakatoka, mapana kama sahani.

Sasa kigoda hakihami. Mama anasuka chini ya mkungu, na kila mteja anaondoka amesukwa kichwa kizima.

Na nani huyo mkekani, anakoroma mchana kweupe? Krooo! Krooo! Ni Mjomba Sefu!

Mashavu anajilaza kando yake. Anaimba polepole.

"Umekua, mkungu wangu, umekua.
Mama amepata kivuli."

Mara kimya. Mashavu naye amelala fofofo.