Mteja Aliyesimama Hadi Mwisho

Jumamosi ile, mishahara ikiwa imetoka tu, duka la Shangazi lilifurika. Watu walikuja kununua feni, majiko ya umeme na pasi. Wengine hawakuja kununua chochote, walikuja kushikashika na kuuliza bei, na Shangazi aliwajibu wote kwa subira ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na binadamu. Nyuma ya rafu ya spika, katika gauni la bluu lenye mikono mipana, alisimama binti wa kaka yake akijifanya anapanga waya. Hakuwa anapanga kitu. Alikuwa anatazama miguu ya wateja.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kampuni ya muziki iliyomwajiri haikutoa albamu mpaka yeye, Mkadiriaji, aseme kama soko litaipokea au litaipa kisogo. Wenzake ofisini walikadiria kwa kompyuta. Yeye alizichukua nyimbo mpya, akaziweka kwenye spika za Shangazi bila kumwambia mtu, na kusubiri.

"Mdomo wa mtu una adabu," alizoea kusema. "Utakusifia hata wimbo mbovu. Miguu haina adabu."

Siku hiyo alikuwa anaipima Nyundo, bendi ya roki iliyoutikisa mji alipokuwa msichana wa shule ya msingi, kisha ikanyamaza miaka mingi hadi watu wakaamini wanamuziki wake wamekufa. Sasa walikuwa wamerudi na albamu nzima mkononi. Yeye akisema itauza, kampuni ingeitangaza kila kona na kuwakodishia kumbi kubwa. Akisema haitauza, ingetupwa mtandaoni kimyakimya, na Nyundo ingekuwa imekwisha kweli. Ofisini, jamaa mmoja waliyemwita Bwana Takwimu alishatoa hukumu kabla ya kusikiliza. Alisema wazee hawa ni kiporo, na vijana hawali kiporo.

Wimbo wa tatu ulipoanza, mwanamume mmoja alisimama mbele ya friji. Alivaa koti la ngozi lililochakaa viwikoni, ndevu zake zimeanza kuingia mvi, na kwapani alibana pasi aliyokwisha kuilipia. Watu walimpita, wakamsukuma, wakamwomba njia. Hakusogea. Vidole vyake vilikuwa vinagonga mlango wa friji taratibu, macho ameyafumba, na wimbo ulipokwisha aliguna kama mtu aliyeamshwa.

Mkadiriaji hakuruhusiwa na utaratibu wake mwenyewe kuongea na wateja, lakini siku hiyo ulimi ulimshinda. Akamuuliza kama ameupenda wimbo.

"Si mbaya," alisema yule bwana. "Ila huyo wa dramu anachelewa."

"Hachelewi. Anasubiri. Anatuacha hewani kidogo, halafu anatudaka. Wewe hujasikiliza vizuri, kaka yangu."

Yule bwana alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaiweka pasi juu ya friji, akamshukuru, na akatoka mikono mitupu. Shangazi alimwita mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake alirudi kuichukua, kaoga, kanyoa, koti limepigwa rangi ya viatu, na akaomba namba ya simu ya yule dada wa spika.

"Mpe," Shangazi alimwambia binti wa kaka yake. "Mtu mzima hasahau pasi bure."

Basi mapenzi yakaanza. Asubuhi simu, mchana simu, jioni kahawa kwenye mgahawa wa kona, ambako mhudumu alifika mahali pa kuwaletea vikombe bila kuwauliza. Yule bwana alimweleza kuwa yeye ni fundi wa jenereta, na ilikuwa kweli. Mikono yake ilinuka mafuta hata baada ya sabuni. Alikuwa mjane, binti yake mmoja ameolewa mji mwingine. Mkadiriaji alimwita Fundi. Yeye alimwita Bibi Masikio.

"Bibi Masikio, umekula?"

"Nimekula, Fundi. Au unataka nikuletee risiti?"

"Nataka nikuone ukila. Simu hainishibishi."

Mkadiriaji alikuwa amefika umri ambao ndugu hukuuliza maswali kwenye kila harusi ya mtu mwingine, na alikuwa amejifunza kujibu kwa kicheko. Sasa alijikuta anacheka hata pasipo kuulizwa. Alimpenda yule mtu. Alipenda jinsi anavyosikiliza, akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Jambo moja tu lilimpita. Alipomsimulia kazi yake, na kwamba bendi anayoipima sasa ni Nyundo, Fundi aliikoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. Kisha akauliza kama albamu ya wazee hao itauza. Mkadiriaji akamjibu kwamba hiyo ni siri ya kazi, hata kwa mpenzi, na akambusu shavuni ili asikasirike.

Wiki hiyohiyo alisimama mbele ya Mkurugenzi na kutoa makadirio yake. Alisema Nyundo itauza, tena sana. Na kwa kuwa Bwana Takwimu alikuwa anachezea kalamu kwa dharau, akaongeza kisa cha dukani. Alieleza jinsi mwanamume wa makamo, asiyejua hata anasikiliza nani, alivyosimama mbele ya friji hadi mwisho wa wimbo na kusahau alichokilipia. Chumba kizima kilikunjua uso. Mkurugenzi, mama mnene mwenye sauti ndogo, alisema kisa kile kimemtosha. Bendi iitwe isaini.

Walikuja Jumatatu. Mwimbaji alitangulia, mrefu, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Wapiga gita wakafuata, mmoja akichechemea. Wa mwisho, aliyekuwa mdogo kuliko wote na bado anaingia kwa haya kama mtoto mgeni darasani, alivaa koti la ngozi lililochakaa viwikoni.

"Na huyu," mwimbaji akasema, "ndiye mpiga dramu wetu. Amekaa nyuma ya mgongo wangu miaka yote, ndiyo maana hakuna anayemjua sura."

Kulikuwa na picha za zamani, kweli, lakini humo alikuwa na nywele zinazofika mabegani na hakuwa na ndevu. Mkadiriaji alilitambua koti lile. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mle chumbani aliyejua, isipokuwa wawili, na huyo wa pili alikuwa anatazama zulia. Lakini jina lake lote alilijenga juu ya jambo moja, kwamba hapiki matokeo.

"Nayaondoa makadirio yangu," alisema. "Yule mteja niliyewasimulia ni huyu hapa. Alikuwa anausikiliza wimbo wake mwenyewe."

Bwana Takwimu alicheka peke yake. Mkurugenzi hakucheka. Alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba mpaka apate ushahidi mwingine, albamu itatolewa mtandaoni tu, bila matangazo, bila kumbi. Mwimbaji akavua miwani, na chini yake kulikuwa na macho ya mzee aliyechoka.

Siku zilizofuata simu ililia hadi ikakata tamaa. Mkadiriaji aliiacha ilie. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na aibu, na chini kabisa kulikuwa na kile kilichomliza: labda hakupendwa hata siku moja, labda ilikuwa albamu tu iliyokuwa inampigia simu kila asubuhi kumuuliza amekula. Shangazi alimwangalia akipanga waya ambazo zilikwisha kupangika, akamwambia kuwa mtu hahukumiwi bila kusikilizwa, hata mwizi wa kuku.

Ijumaa akapokea.

"Ulikuja dukani kunichunguza," alisema kabla hajasalimiwa.

"Nilikuja kununua pasi. Sikujua kama nyimbo zetu zimetoka mikononi mwetu. Nilipozisikia nilishindwa kutembea."

"Ukaponda dramu zako mwenyewe."

"Nilisema ninachoambiwa tangu ujana. Watangazaji, mwimbaji wetu, hata marehemu mke wangu, wote walisema nachelewa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia nasubiri. Ningesahau hata jina langu, sembuse pasi."

Mkadiriaji aliuma mdomo. "Na ulipojua kazi yangu?"

"Hapo nilikosea. Ningesema, ungelazimika kuchagua kati yangu na kazi, na nilijua utachagua nini, na ungekuwa sahihi. Nikajiambia kesho nitasema. Kila siku nikawa na kesho yake."

"Umeniharibia jina, Fundi."

"Najua. Usinisamehe kwanza. Tupime upya. Tupeleke mahali pagumu kuliko pote unapopajua, mimi nisiwepo hata mtaa wa jirani. Ukiona hatufai, sema hatufai mbele ya watu. Nitakuwa wa kwanza kukuamini."

Mpenzi wa kawaida huomba kupendelewa; huyu alikuwa anaomba asipendelewe. Mkadiriaji akafuta macho kwa mkono wa gauni, akamwambia hajamsamehe, na kwamba siku ya kipimo atakaa kwa Shangazi chini ya ulinzi.

Kisha akaenda kwa Mkurugenzi na kufunga mlango. Alimwambia waziwazi: yeye anampenda yule mpiga dramu, na bado anampenda hata sasa akiwa na hasira naye. Kwa hiyo neno lake lisiaminiwe tena juu ya bendi hii. Aje Mkurugenzi mwenyewe, na Bwana Takwimu naye, wasimame wasikilize kwa masikio yao.

Aliwapeleka kiwanda cha nguo. Alikichagua kwa sababu hakipendi mtu. Washonaji walikuwa wasichana wa umri wa binti wa Fundi, wanaolipwa kwa kila shati, na wimbo unaowapunguzia mwendo huzimwa papo hapo bila huruma. Redio ya ukutani ilikuwa imewahi kuwazima wasanii wakubwa. Msimamizi akaweka albamu, na wageni wakabaki mlangoni kama watu waliokuja kukagua umeme.

Wimbo wa kwanza ulipita, cherehani hazikujali. Wa pili ukapita, msichana mmoja akatikisa bega. Bwana Takwimu akatazama saa. Mkadiriaji alijisemea kwamba likiwa baya atalisema hivyohivyo.

Ukaja wa tatu. Gita likaingia, mwimbaji akaingia, na mle ukumbini miguu ilianza kukanyaga pamoja, safu hii, kisha ile, bila mtu kumtazama mwenzake. Halafu ikafika pale mpiga dramu anapowaacha watu hewani. Cherehani zote zikanyamaza. Kiwanda kizima kilisimama, sindano juu, vitambaa mikononi, kwa muda wa pumzi moja. Dramu zikashuka, na cherehani zikashuka nazo kwa kishindo kimoja kilichotikisa madirisha.

Wasichana wakatazamana, wakaangua kicheko. Mmoja akasimama juu ya kiti na kuuliza hawa ni akina nani. Mwingine akataka urudishwe. Msimamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzima, aliurudisha.

Mkadiriaji aligeuka kumtazama Mkurugenzi, akakuta haangaliwi. Yule mama alikuwa amevua kiatu kimoja, kisigino chake kinapiga sakafu. Bwana Takwimu alisimama kalamu mkononi, midomo wazi.

"Sijui niandike nini," alisema. "Wote hawa ni vijana."

Mkadiriaji alitoka nje kwenye jua na kupiga simu dukani. Akamwambia Shangazi amfungulie mahabusu. Shangazi akajibu kwamba mahabusu ametengeneza feni zote zilizokuwa mbovu, na kama hamtaki aseme, kuna watu watamchukua.

Albamu ilitoka kwa matangazo yote, na soko likaipokea kwa mikono miwili. Wenye maduka walipiga simu kuomba zaidi kabla hawajamaliza kufungua maboksi ya mwanzo. Mama wa makamo walinunua, wakanyang'anywa na binti zao. Bwana Takwimu, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa kompyuta, alianza kushinda dukani kwa Shangazi Jumamosi akitazama miguu, na Shangazi akamuuzia jiko.

Siku ya onyesho la kwanza ukumbi mkubwa ulijaa mchana kweupe, watu wakasimama hadi ngazini. Nyuma ya jukwaa, kwenye ujia mwembamba uliojaa masanduku ya vyombo, Mkadiriaji alisimama katika gauni la manjano. Kelele za watu zilikuwa zinapenya ukutani. Fundi alikuja na vijiti vyake mkononi, koti jipya, uso mkavu kwa hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya jukwaa.

"Bibi Masikio, nataka makadirio."

"Ya nini tena? Sikiliza huko nje."

"Si ya bendi. Mjane wa makamo, fundi wa jenereta, goti la kulia linalia mvua ikija, aliwahi kuficha jambo na hatarudia. Anataka kuoa. Soko lake likoje?"

Mkadiriaji alimtazama viatuni kwanza, kama kawaida ya kazi yake, kisha akapanda taratibu mpaka machoni. Miguu ile ilikuwa inatetemeka.

"Siwezi kukupa makadirio, Fundi," alisema, akimtengeneza kola. "Utaratibu haunipi ruhusa kukadiria bidhaa niliyokwisha kuichukua mwenyewe."