Mgeni Aliyelipiwa kwa Kipande Changu

Nilifika Endasak jua likizama, mwaka 1984, mpaka wa Kenya ukiwa umefunguliwa juzijuzi tu. Mimi ni Barnaba Cheruiyot, fundi wa kombaini za kuvunia ngano, mtu wa Njoro, Kenya. Nilikuwa nimeitwa shamba la serikali, kule chini tambarare. Lori liliniacha barabarani, nikatafuta pa kulala.

Nyumba ya wageni ilikuwa moja. Mwenyewe, Mama Perpetua, alikuwa mama mtu mzima mwenye rozari shingoni.

"Shikamoo, mama. Nataka chumba."

"Marahaba. Shilingi hamsini."

Nikatoa noti. Alipoziona akarudi nyuma.

"Za Kenya? Rudisha mfukoni, baba! Nikikutwa nazo nafungwa."

"Kesho nitakwenda benki."

Akaishika rozari yake. Kisha kwa sauti ya chini: "Basi niachie kadi yako."

Kwetu kadi ya kitambulisho tunaiita kipande. Nikakiweka mezani. Picha yangu, jina langu, alama ya kidole changu.

Hapo ndipo nikasikia harufu. Udongo uliolimwa sasa hivi... na samli.

Nyuma ya mlango, kwenye benchi, alikaa mzee aliyejifunika shuka jeusi. Nilipoingia sikumwona.

"Anaitwa nani?" mzee akamwuliza Mama Perpetua. Hakuniuliza mimi.

Mama akakichukua kipande mezani.

"Soma," mzee akamwambia.

Akakisoma kipande changu kwa sauti. Mzee akalirudia jina polepole, kama anayeonja chakula.

"Barnaba... Cheruiyot."

Alilitamka kama mama yangu alivyolitamka.

Nilitaka kupinga. Ulimi haukuinuka. Mama Perpetua akanisukuma chumbani, machozi yakimtoka.

"Makaburi ya wafu wa hapa, kama huyu, yalilimwa na matrekta ya shamba," akaninong'oneza. "Hawana tena pa kulala. Nisamehe, baba."

Komeo likalia kwa nje. Niligonga mpaka mikono ikavimba.

Hakuna aliyekuja.

Asubuhi nilikuta mlango wazi. Mama Perpetua alikuwa anafagia uani.

"Mama, kipande changu kiko wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Samahani, baba. Wewe nani? Umeingiaje humu?"

"Cheruiyot! Yule fundi!"

"Cheruiyot amelipa, akaondoka alfajiri."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anadanganya.

Nilitembea, nikadandia trekta, nikatembea tena. Shambani nikakuta watu wamezunguka kombaini iliyoharibika. Fundi alikuwa ameinama ndani ya injini, amevaa ovaroli yangu. Msimamizi, Hermani, alikuwa anampa spana.

"Huyo ni mwizi!" nikapiga kelele. "Cheruiyot ni mimi!"

Fundi akainua kichwa.

"Naam?"

Uso ulikuwa wangu. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Hermani akawaambia vijana wanitoe shambani taratibu, wasinipige, kwa kuwa mimi ni mgonjwa.

Tangu hapo nalima vibarua huku huku. Bila kipande sivuki mpaka, na polisi wa hapa wanasema Cheruiyot alishavuka kurudi kwao.

Nilimwandikia mke wangu barua tatu. Moja ilijibiwa.

"Mume wangu alirudi mwezi wa nane, mzima wa afya. Amekuwa mpole kuliko zamani. Tafadhali, wewe mtu, usituandikie tena. Unatisha watoto."

Mwandiko ni wa mke wangu, naujua.

Sahihi iliyo chini yake ni yangu.