Kilichofungwa Bendeji

Edmund alimdanganya mama mzee kwa mfupa wa mbuzi, na juu ya uongo huo akasali Baba Yetu. Asilaumiwe mtu mwingine. Yaliyofuata yote yalitoka hapo.

Alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya misheni, vilimani nje ya mji wa Iringa, mwaka 1956. Aliletwa pale Saulo, Mnyakyusa aliyekuwa akichimba dhahabu Makongolosi, na uvimbe kama ngumi juu ya kifandugu. Kukaa hawezi, miguu inakufa ganzi, mkojo haumtii. Daktari Mzungu alisema uvimbe wa namna ile, ulioota ndani ya mfupa wenyewe, hakupata kuuona maishani mwake, na usipotolewa pamoja na mfupa utarudi. Wakamlaza kifudifudi, wakampa etha ya usingizi. Daktari akapasua, akagonga patasi kwa nyundo, Edmund akiishika miguu. Mfupa ulipotoka, Saulo, aliyelala fofofo, akacheka. Na ule mfupa ukakaa wa moto kwenye beseni mpaka jioni.

Mama yake, Atuganile, alikuwa ameketi mlangoni.

"Baba, kilichotoka kwa mwanangu nipe," alimwambia Edmund kwa sauti ya chini. "Kule machimboni alichimba shimo alilokatazwa, jini likamwingia mgongoni. Sasa limetolewa pamoja na nyumba yake, huo mfupa. Nikiizika kwa jina la Bwana, litatulia humo. Nisipoizika, litarudi kumtafuta."

"Ngoja nimuulize Bwana Daktari, mama."

Jibu alikuwa analijua. Mfupa ulikuwa umeshatiwa kwenye chupa ya dawa, uende Ulaya ukachunguzwe. Edmund aliona haya kumkatalia yule mama, akaogopa kumbishia Mzungu. Basi akapita jikoni, akaokota mfupa wa mbuzi uliokwisha kuchemshwa, akauviringisha bendeji, akampelekea. Wakauzika pembeni mwa shamba la mahindi. Mama aliimba huku analia. Edmund alisali mpaka Amina.

Kesho yake kwenye sala ya asubuhi, Ambrosi, dresa mwenzake, akamsogelea.

"We bwana, jana ulilala zizini? Unanuka beberu."

"Acha utani kanisani."

"Utani gani? Leo mkeo atakufungia nje."

Edmund alikuwa ameoga kwa sabuni.

Wakaenda pamoja kumbadilishia Saulo bendeji, mama yake akiwa kando ya kitanda. Edmund alipofunua kidonda, harufu ya beberu ikamvaa usoni. Kisha sauti kavu ikatoka, tena si mdomoni mwa Saulo. Ilitoka ndani ya kidonda.

"Dresa. Umemlaza mbuzi kitandani pangu."

Kabla Edmund hajavuta pumzi, yule mtu aliyekuwa hawezi hata kugeuka bila kushikwa akaruka akasimama juu ya kitanda, akamkamata Ambrosi mkono akauvunja kama ukuni mkavu, akamrusha dirishani akatoka na vioo vyote, akang'oa chuma cha kitanda akamshushia nacho mlinzi aliyekuja mbio, taya likahama, damu ikaruka mpaka kwenye msalaba wa ukutani, na wagonjwa wakawa wanatambaa sakafuni huku vitanda vyenyewe vinagonga ukuta kwa mlio ule ule wa nyundo na patasi, ko, ko, ko, na nyuzi za kidonda cha Saulo zinakatika mmoja baada ya mwingine, na damu yake inamtiririka mpaka visiginoni.

"Mwanangu anaisha," mama alinong'ona. "Dresa, linasema nini? Mbuzi gani?"

Edmund akajifanya hakumsikia. Aibu ilimshinda mara ya pili, na Mungu alikuwa anaona. Saulo akaushika mguu wake mwenyewe kwa mikono miwili, akaupinda mpaka goti likalia.

"Mama, nilikudanganya!" Edmund akapiga magoti ndani ya damu. "Umezika mfupa wa mbuzi. Niliufunga mimi, kwa mikono yangu."

"Na wangu?" sauti iliuliza.

"Umekwenda na lori la alfajiri. Haupo tena."

Vitanda vikatulia. Kikasikika kicheko kile kile cha kwenye etha.

"Basi nitakaa kwa aliyeninyima nyumba."

Saulo akaanguka kama gunia lililomwagwa. Edmund naye akapigwa chini ya mgongo, pigo moja tu, kama nyundo juu ya patasi, akalala kifudifudi kwenye damu ya mwenziwe.

Saulo alishonwa upya, akapona, akarudi kwao Tukuyu kwa mkongojo. Mama yake hakumlaani Edmund. Siku ya kuondoka alimwekea tu mapajani ule mfupa wa mbuzi, alioufukua kwa kucha zake.

Imepita miaka mitatu. Kanisani Edmund anakaa upandeupande, na ibada haiishi kabla hajasimama. Kesho atalazwa juu ya meza ile ile aliyopasuliwa Saulo. Lea, mkewe, alikuwa anampaka mafuta mgongoni, akauondoa mkono ghafla.

"Baba Rozalia, mbona hapa pana moto? Kama figa!"

"Najua. Nisikilize, Mama Rozalia. Kesho wakimaliza watakuletea kitu kimefungwa bendeji. Usishukuru, usiimbe. Fungua kwanza, utazame."