Mpira Ndani ya Hori

Katika mtaa wetu hapa mjini Malegaon, maji ya bomba huja siku moja na kupumzika siku moja, kama mume mwenye nyumba mbili. Saa ya kuja haijui mtu. Pengine huja kabla ya adhana ya alfajiri, pengine mitambo ya kufuma vitambaa imeshaanza kupiga kelele. Kwa hiyo kila nyumba hufanya vilevile: jioni unafungua bomba, unalivalisha mpira wa maji, ncha ya mpira unaitia kwenye chombo, unakwenda kulala. Maji yakija, yatajipakua yenyewe.

Sabiha alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa ulimi kuliko wa mikono. Baba yake, Mukhtar, aliuza maziwa ya nyati wawili wa kufugwa, waliofungwa uani. Kazi ya Sabiha ilikuwa moja tu, kujaza hori la kunyweshea nyati hao. Ukutani juu ya hori baba alikuwa amepigilia kulabu.

"Mpira uutundike hapa," alimwambia. "Ncha isiguse maji ya hori hata kidogo. Fundi Dattu wa manispaa kasema."

"Kwa nini, Baba?"

"Kwa sababu kasema."

Sababu hiyo haikumtosha Sabiha. Mpira ukitundikwa, maji yalianguka kwa kishindo, yakaruka hadi kwenye magunia ya mashudu ya pamba, na kesho yake ni yeye aliyepaswa kukausha. Basi baba akishaingia ndani, yeye aliushusha mpira kutoka kwenye kulabu na kuuzamisha hadi chini ya hori. Hakuna kelele, hakuna tope. Alijiona mwerevu kuliko manispaa nzima.

Jambo moja tu lilimshangaza. Asubuhi za siku ya maji, hori lililojaa alfajiri lilikuwa limebaki nusu ifikapo saa ya kwenda shule. Sabiha alimlaumu Malka, nyati mkubwa. "Wewe ni nyati au ni tanki?" alimwuliza. Malka aliendelea kutafuna.

Jumatatu, Guddu alianza kuhara. Guddu alikuwa na miaka minne, mdogo wake Ghazala, rafiki wa Sabiha wa nyumba ya jirani. Jioni hiyo wakaugua watoto wengine watatu wa upande wa chini wa mtaa, na kufikia Jumatano walikuwa kumi na mmoja. Guddu alilazwa zahanati, akawekewa maji mshipani. Mama yake, Mama Ghazala, alirudi kufuata nguo, macho yamemvimba.

"Kala nini mtoto?" majirani wakauliza.

"Panipuri. Jumapili. Kwa huyo huyo."

Huyo huyo alikuwa Mzee Latafat. Kwa miaka ishirini na tatu alisimamisha mkokoteni wake kwenye kona ya mtaa, akauza panipuri, vile vikaki vyembamba vinavyotobolewa kwa kidole gumba na kujazwa maji ya ukwaju. Hakuna mtoto wa mtaa ambaye hajawahi kuomba kimoja cha nyongeza, na hakuna aliyenyimwa. Sasa watu wazima kama ishirini walimzunguka.

"Ukwaju wangu nauchemsha," alisema Mzee Latafat. "Viazi nachemsha. Mikono naosha."

"Na maji unayochanganyia?" aliuliza Mama Ghazala.

"Maji ni ya bomba, binti yangu. Bomba lenu."

"Msikieni! Sasa kosa ni la bomba!"

"Labda bomba nalo lilikula panipuri," akadakia kijana mmoja, na watu wakacheka, ingawa hakuna aliyekuwa na furaha.

Walimwaga mtungi wake mtaroni. Kisha wakamwambia kwamba Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, mkokoteni uwe umeondoka pale na usirudi. Mzee Latafat aliokota kifuniko cha mtungi, akakifuta kwa kanzu yake. Hakuwa na duka, hakuwa na shamba, na mtaa mwingine ungempokea vipi baada ya sifa kama hiyo?

Sabiha aliona yote hayo, akasikitika kama unavyosikitika kwa jambo lisilokuhusu.

Jioni hiyo Ghazala alimwita ukutani. Kwao walikuwa wamefunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba la tanki ili kuchuja maji. Ghazala alikifungua na kumwonyesha. Kilikuwa kimejaa chembe za rangi ya kahawia.

"Tazama! Manispaa inatuletea chai na majani yake," alisema Ghazala. "Bado sukari."

Sabiha alicheka. Halafu akachukua chembe moja, akaiponda kwa vidole. Ilikuwa na nyuzi laini za pamba. Ilinuka mashudu. Mtaa mzima ni nyumba moja tu iliyolisha nyati mashudu ya pamba.

"Vipi? Mbona umenyamaza?" Ghazala aliuliza. "Wewe kunyamaza ni ugonjwa mpya?"

"Naenda kulala," alisema Sabiha, na jua bado lilikuwa juu ya paa.

Alhamisi ilikuwa siku ya maji. Mapema asubuhi baba aliwapeleka nyati wote wawili kwa daktari wa mifugo kuchanjwa. Sabiha alitoka uani na mkoba wa shule begani. Hori lilikuwa limejaa hadi ukingoni, mpira umelala chini kama alivyouacha, na juu ya maji zilielea chembe za mashudu na uchafu wa midomo ya nyati. Maji ya manispaa yalikuwa yamekatika dakika chache zilizopita.

Ng'ambo ya ukuta, mota ya kuvuta maji ya Mama Ghazala ikaanza kunguruma. Alikuwa ameiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kama wengine watano au sita, ili maji yakikatika akombe hata tone la mwisho.

Hori likaanza kushuka.

Nyati hawakuwapo. Hori halikuwa na ufa. Lakini maji yalishuka, kidole kimoja, vidole viwili, na chembe za mashudu zikaanza kuzunguka na kuzama kuelekea kwenye mdomo wa mpira. Sabiha alitia mkono, akaweka kiganja kwenye mdomo huo. Ukamnyonya kiganja kama ndama. Alikimbia akafunga bomba lao. Maji ya hori yakatulia palepale.

Hakwenda shule siku hiyo.

Baba aliporudi, alimkuta amekaa kwenye gunia. Sabiha alimweleza yote: kulabu, mpira, kitambaa cha Ghazala, mota, kiganja. Alieleza bila kupumua, asije akabadili nia katikati.

Mukhtar aliwafunga nyati kwanza. "Nani mwingine anajua?"

"Malka."

"Si wakati wa mzaha, Sabiha."

"Sijafanya mzaha, Baba. Sijui nifanye nini."

Baba alikaa naye kwenye gunia. "Ukisema haya barabarani, kesho nani atanunua maziwa kwetu? Watu watasema, ikiwa maji yao ni hivi, maziwa je?"

"Na nisiposema, kesho Mzee Latafat anaondoka."

"Najua."

"Na keshokutwa maji yatakuja tena. Watu wanayanywa bado, Baba. Wamemfukuza mtu, hawajafukuza ugonjwa."

Mukhtar alitazama kulabu iliyokaa ukutani bila kazi. Alikuwa na haki ya kumkaripia, na alikuwa na maneno ya kutosha, lakini aliinuka tu. "Nawa uso. Tunaanza kwa Fundi Dattu. Mimi sina elimu ya mabomba, na wewe una miaka kumi na miwili. Peke yetu watatuona tunapiga porojo."

Fundi Dattu ndiye aliyefungua na kufunga maji ya mitaa yetu, mtu mfupi mwenye ufunguo mrefu wa chuma begani. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili, kisha akaomba ndoo na kipande cha mpira.

Ijumaa watu walipotoka msikitini, walimkuta Mzee Latafat akifunga mkokoteni kwa kamba. Na walimkuta Sabiha amesimama mbele ya gurudumu, mtandio umeteleza.

"Mzee hakuwaumiza," alisema. "Ni mimi. Mpira wetu ulikuwa ndani ya hori la nyati. Maji yalikatika, yakarudi kwenye bomba. Baba aliniambia niutundike, sikuutundika."

Wote wakasema pamoja.

"Mwanangu yuko zahanati!" Mama Ghazala alipiga kelele. "Maji ya nyati! Mmetunywesha mate ya nyati!"

"Maji yatapandaje bomba yenyewe?" mwingine akapinga. "Haya mambo ya kumwokoa mzee tu."

"Haya, tazama yanavyopanda," alisema Fundi Dattu. Alijaza ndoo, akaiweka juu ya mkokoteni, akamwaga ndani konzi ya rangi nyekundu ya kutilia nyuzi, akatumbukiza ncha moja ya mpira. Ncha ya pili akaiweka mdomoni, akavuta kidogo tu na kuishusha haraka. Maji mekundu yakapanda mpira, yakavuka ukingo wa ndoo, yakamwagika miguuni mwa kijana yule wa Jumatano, yakaendelea kumwagika bila mtu kuvuta tena.

"Hii ni ndoo moja na pumzi yangu ya mzee," alisema. "Sasa weka mota badala ya mdomo wangu. Mama Ghazala, mota yako imeungwa wapi?"

Mama Ghazala alikwepa macho yake. "Kila mtu kaunga."

"Ndiyo. Kila mtu. Maji yakiwa na nguvu, bomba linasukuma nje. Nguvu ikiisha, bomba linafyonza, na halichagui. Mpira ukiwa kwenye hori, litafyonza hori. Ukiwa kwenye beseni la nguo za mtoto, litafyonza hilo." Kisha akainua mpira juu ya ndoo kiasi cha shibiri moja na kuvuta. Hakikupanda kitu. "Umefyonza hewa. Shibiri moja tu ndiyo inayotenga maji yenu na uchafu."

Kazi ya siku zilizofuata haikuwa na maneno mengi. Fundi Dattu alifungulia bomba la mtaa, akalisafisha kwa klorini, na kwa wiki mbili kila nyumba ilichemsha maji ya kunywa. Mota zilitolewa kwenye bomba. Mwenye kuitaka alijenga kwanza tanki la chini, maji yaanguke humo yenyewe, kisha mota ivute kutoka tankini. Nyumba yenye mifugo ilifungiwa vali inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Guddu alirudi Jumamosi, mwembamba, akidai biskuti. Wengine kumi walipona nyumbani kwa maji ya chumvi na sukari.

Maziwa ya Mukhtar yalikosa wanunuzi kwa siku tisa. Siku ya kumi alikuja Mama Ghazala na birika lake, akalisukuma mbele bila salamu. "Jaza," alisema. "Usinipunje."

Mzee Latafat alifungua kamba za mkokoteni Ijumaa ileile. Watu walimwomba radhi mmoja mmoja, kila mtu kwa aibu yake, na kijana wa mzaha alimnunulia mtungi mpya. Sabiha alikuja mwisho. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri tangu asubuhi, na yote yalimtoka kichwani.

"Nilinyamaza kutwa nzima, Mzee. Nilijua tangu kitambaa."

"Kutwa moja," alisema Mzee Latafat. "Wengine hunyamaza hadi kaburini." Alitoboa kikaki kwa kidole gumba, akatia kiazi. "Sikiliza, mjukuu wangu. Bomba ni moja, na watu wote wamelitia mdomo. Ulichokiacha kwenye hori lenu kilikwenda tumboni kwa Guddu. Na kosa lako, kwa kutwa ile ulipolificha, lilikwenda likakaa mgongoni kwangu. Kitu kichafu hakibaki pale ulipokificha. Kinatafuta mtu asiye na habari. Kazi ndogo uliyopewa, ifanye hata kama hujui sababu yake, na sababu uiulize mpaka uambiwe. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia."

Sabiha aliitikia kwa kichwa.

"Haya, fungua mdomo," alisema mzee, akachovya kikaki kwenye mtungi mpya. "Maji nimeyachemsha mara mbili. Mara ya pili ni kwa ajili ya Mama Ghazala, anichunguze mpaka achoke."