Amplifaya ya Baba Doris

Jioni ile nilikwenda Kibosho kuangalia amplifaya. Basi. Sikuwa na jambo jingine.

Mimi ni mtu wa Machame, naitwa Eliezeri, na miaka ile ya tisini nilikuwa napiga gitaa ambalo wengi hapa Moshi hawakuwahi kuliona. Halishikwi kifuani. Linasimama kwa miguu yake kama meza nyembamba, nawe unakaa kwenye kiti mbele yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyaya, huku miguu ikikanyaga pedali zinazozivuta, sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayelia. Mmisionari mmoja Mmarekani aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Kwenye harusi watu walikuwa wanaacha chakula waje kutazama miguu yangu.

Shida ilikuwa amplifaya. Gitaa la namna hii linataka amplifaya yenye nguvu nyingi na sauti safi. Ukiongeza, isikwaruze. Besi isivume ovyo, nyaya nyembamba zisichome masikio. Spika iwe pana, na mwangwi uwepo kidogo, ili noti isife kabla mkono haujafika unakokwenda. Nilizunguka maduka yote ya mjini. Zilizokuwepo zilikuwa za wapiga solo, zimetengenezwa kukoroma.

Godbless, mpiga solo wa bendi yetu, alikuwa na moja ya hizo, mpya kabisa. Akiiwasha, mimi nilipotea. Wasichana walicheza wakimtazama yeye. Nilikuwa nakaa nyuma ya gitaa langu la ajabu, nimeinama, naomba nyaya zake zikatike.

Cha kushangaza, ni yeye aliyenielekeza.

"Kibosho kuna mjane, Mama Doris," alisema. "Marehemu mume wake, Antoni, alikuwa analaza gitaa kama wewe. Ameacha amplifaya, spika yake kama sinia. Ningeichukua mimi, ila…"

"Ila nini?"

Alichezea funguo zake.

"Nzito," alisema.

Niliazima pikapu ya kaka yangu, nikapakia gitaa, nikapanda. Barabara ya Kibosho unaijua. Mashimo, mawe, migomba imekuinamia pande zote mbili. Nilipofika kwa Mama Doris, penye ua wa mimea ya masale, jua lilikuwa limezama upande wa Meru na ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni. Mahali fulani ng'ombe alilia mara moja, akanyamaza.

Mama Doris alitoka barazani kabla sijabisha. Mwanamke wa makamo, mrefu, shuka begani, rozari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa gitaa." Hakuuliza. "Ingia. Umeme wa hapa ni wa kubahatisha, jaribu mapema."

Ilikuwa sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Sanduku kubwa la kahawia, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua. Mtu asiyejua angedhani ni kabati. Mama Doris aliondoa maua, akaondoa kitambaa taratibu, kama anayemfunua mgonjwa. Nikaona spika. Godbless hakutia chumvi.

Nilipanga gitaa langu, nikachomeka waya, nikawasha. Taa nyekundu ikawaka. Balbu za ndani zikaanza kupata moto, na harufu ya vumbi linalochomeka ikapanda.

"Baba," Mama Doris alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa amesimama mlangoni, hakukaa. "Piga kawaida tu."

"Nitapiga kidogo, mama. Kusikia sauti."

"Piga. Lakini usipige vizuri sana."

Nilidhani anatania. Nilimtazama. Hakuwa anatania.

Nikapiga noti moja.

Nisemeje… Niliisikia kwenye mbavu. Safi, pana, haina mkwaruzo hata chembe. Niliongeza sauti. Bado safi. Nikaongeza tena. Vikombe vikatetemeka kabatini, na noti bado imesimama wima kama mshumaa kusiko na upepo. Hapo nikasahau yote niliyoambiwa. Nilipiga wimbo wa harusi, ule wa kumtoa bibi harusi kwao, nikaupiga kuliko nilivyowahi kuupiga maishani.

Katikati ya wimbo nikasikia sauti nyingine.

Chini ya noti yangu. Ilianza nyuma kidogo, ikanifikia, ikanipita.

Nikainua mikono yote miwili.

Haikunyamaza.

Iliendelea peke yake, ikiteleza juu polepole, tamu, yenye dharau, kama mtu anayekuonyesha wimbo wako mwenyewe unavyotakiwa kupigwa. Harufu ya vumbi iliondoka. Ikaja ya mafuta ya nywele, yale ya wazee wa zamani, karibu kabisa na sikio langu. Nilichomoa waya wa gitaa. Ikaendelea. Nikazima swichi. Taa nyekundu ikazimika…

Ikaendelea.

"Baba Doris," mama yule alinong'ona. "Inatosha."

Kimya.

Nje, matone ya ukungu yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba.

"Ni umeme," nilisema. "Hizi za balbu hubaki na umeme ndani."

"Ndiyo," alisema Mama Doris. "Umeme. Ichukue leo. Pigia harusi zako, ukiridhika tutaongea."

Mwenye akili angeondoka. Lakini nilifikiri, nikiiacha hapa, kesho Godbless atapata ujasiri na atakuja. Atakuwa nayo yeye. Picha hiyo ilinichoma kuliko woga. Nikaibeba. Ilikuwa nzito kweli, nzito kwa namna ya kitu kinachojikaza.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu, sitaficha. Godbless alififia kama taa ya kibatari mchana. Watu walianza kuuliza, "Yule wa gitaa la miguu atakuwepo?" Godbless alinikuta siku moja baada ya harusi ya Kikatoliki huku mjini, jasho linamtoka.

"Inakufanyia?" aliuliza.

"Inanifanyia nini?"

Aliniangalia, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani ndiko kulikuwa na mambo. Kila alasiri nilifunga mlango wa chumba cha nje nikapiga, na kila alasiri yule wa ndani ya sanduku aliniitikia. Nikimpa mstari, anaurudisha mzuri zaidi. Naukazania, naushinda. Naye ananishinda. Hakuwa na sura wala neno, lakini nilimjua kama unavyomjua mtu unayecheza naye bao kila siku. Alikuwa hapendi kushindwa. Nikimshinda, sauti ilijaa chumbani kwa muda mrefu bila kusogea, na ile harufu ya mafuta ya nywele ilizidi.

Kahawa ikaivia mtini ikadondoka. Mke wangu, Yuditha, ndiye aliyekamua ng'ombe, aliyekata majani, aliyekwenda mikutano ya usharika. Siku moja nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje, ndoo mkononi.

"Ulikuwa unacheka na nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Eliezeri, miaka yote tuliyoishi hujawahi kucheka hivyo na mimi." Macho yake yalikuwa makavu. "Kama ni mwanamke, niambie. Mwanamke ningejua pa kumkamata."

Nilirudi ndani, nikafunga mlango.

Mama Doris alikuja msimu wa mvua, jioni, na gari la kukodi. Alikuwa amelowa na hakutaka chai.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema, kisha bila kungoja, "nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani, mama?" Yuditha aliuliza.

"Kuichukua," alijirekebisha. "Amplifaya."

Nilimwambia nimeridhika nayo, tuongee. Alitikisa kichwa. Alikuwa amekonda, na macho yake hayakutulia kwangu. Yalikuwa yanautafuta mlango wa chumba cha nje.

"Antoni alikuwa mtu wa kutoka," alisema. "Nairobi, Tanga, Arusha. Kila mji ulikuwa na wanawake wanaopenda gitaa. Nikaenda kwa mtu mmoja huko tambarare, nikamwambia, nataka mume wangu asiondoke nyumbani tena." Alikaza shuka kifuani. "Akafanya. Hakuniuliza mpaka lini."

Yuditha alinishika mkono.

"Hakuondoka tena. Lakini hakusema na mimi. Alisema na kile chombo tu, mchana kutwa, mpaka alipokufa. Na alipokufa… umesikia mwenyewe. Nilichoka, baba. Nilipokupa nilidhani nitalala usingizi."

"Hukulala?"

"Nyumba imekuwa kimya!" Sauti yake ilipasuka. "Halafu watu wanatoka harusini wanasema amplifaya ya Eliezeri inaimba. Anakuitikia wewe! Mimi niliyemfunga, niliyemzika, niliyempangusa vumbi kila asubuhi, hajawahi kuniitikia hata mara moja!"

Nimewahi kuona wivu. Nimeubeba mwenyewe. Sijawahi kuuona ukiwa na njaa kama ule.

"Mpe," Yuditha alisema taratibu. "Mpe aondoke."

Tuliipakia kwenye mvua. Mama Doris aliivulia shuka lake akaifunika, akapanda nyuma, akakaa nayo, ameiegemezea kichwa. Kabla gari halijaondoka alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unapiga vizuri?"

"Mama?"

"Nilikuambia usipige vizuri sana."

"Nilipiga," nilisema.

Aliitazama mikono yangu kwa muda.

"Pole," alisema.

Baadaye bendi ilininunulia amplifaya nyingine kutoka Nairobi. Nguvu ya kutosha, spika pana, safi, mwangwi mzuri. Fundi yeyote angekuambia hiyo ndiyo ya gitaa langu. Niliichomeka, nikapiga ule wimbo wa harusi. Noti zote zilikuwepo. Kila mmoja alisema vizuri, vizuri. Godbless alizima ya kwake akasikiliza mpaka mwisho, na usoni mwake sikuona tena wivu. Niliona huruma. Heri ningeuona ule wivu.

Nilivumilia, kisha nikashindwa. Saa ya kukamua ng'ombe nilishuka na baiskeli, nikapanda Kibosho, nikasimama nje ya ua wa masale. Nilijiambia nataka kusikia tu kama bado analia.

Alikuwa analia. Lakini hakuwa peke yake.

Magitaa mawili. Moja lilitangulia, jingine likalifuata. Damu ilinipanda kichwani. Kwanza sikuhisi woga, nilihisi kuibiwa. Nani yuko ndani? Nani amepewa nafasi yangu? Gari hakuna, baiskeli hakuna. Nikapenya kati ya masale mpaka dirishani.

Sebule haikuwa na mgeni. Hapakuwa na gitaa lolote; la Antoni, nilikuja kuambiwa, walimzika nalo. Mama Doris alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye sanduku, amefumba macho, anatabasamu kama anayeogeshwa na jua. Waya wa umeme ulikuwa umeviringishwa na kuwekwa juu ya kitambaa.

Lile gitaa la kwanza lilikuwa la Antoni.

La pili… mtu anakijua kikohozi chake hata gizani. Namna ya kuchelewesha noti. Namna ya kuikanyaga pedali kabla ya wakati, kwa pupa.

Nilikuwa mimi.

Mama Doris alifumbua macho, akaniona pale dirishani. Hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni.

"Nenda nyumbani, baba," alinong'ona. "Usiwakatize."

Nilikwenda. Yuditha hakuniuliza nilikotoka. Alinipakulia mtori, akakaa karibu nami mpaka nilipomaliza.

Bado napiga. Kanisani, harusini, popote ninapoitwa. Lakini kila nikikaa na kuinua mkono wa kushoto, unachelewa kidogo kushuka, kama mtu anayesikiliza kwanza.