Wasifu wa Bwana Harusi

Ijumaa ile soko la Tongi lilikuwa limefurika, maana Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo wanawake wa viwanda vya nguo hukumbuka kwamba miguu yao si ya kukanyaga cherehani tu. Shiuli alikuwa amesimama kwenye meza ya bangili za kioo, amevaa shalwari ya kijani, mtandio wa njano alioazima kwa jirani yake Jorina, akibishana na muuzaji juu ya noti ya taka kumi. Kijana mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi akajipenyeza ubavuni pake.

"Nataka bangili za mama yangu," akamwambia muuzaji.

"Mkono wake una kipimo gani?"

Kijana akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye mkono wa Shiuli. "Kama huu."

"Mkono wangu si rula," Shiuli akasema.

"Niazime dakika moja. Nitaurudisha mzima."

Aliushika kwa muda mrefu kuliko bangili zilivyohitaji. Shiuli akamtazama vizuri, akamtambua.

"Wewe si Ripon, karani wa mahudhurio wa ghorofani? Ndiwe uliyenikata mshahara wa nusu siku kwa kuchelewa dakika saba."

"Bosi wetu Alhaji ndiye aliyekata. Mimi niliandika tu, tena huku nalia. Ulizia kalamu yangu."

"Mwongo. Na kwa nini hujaniita dada? Kiwanda kizima unakiita dada, hata mfagizi."

"Nikikuita dada leo, kesho nitakuoaje?"

Muuzaji alicheka mpaka akasahau zile taka kumi. Ripon akalipia bangili mara mbili, za mama yake na dazeni moja nyekundu, na Shiuli akarudi nyumbani mikono ikilia kila hatua. Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula dengu. Wewe?"

"Mimi nimekula sauti yako, sijashiba."

"Utakufa na njaa, mpenzi wangu."

Tatizo lilikuwa baba. Mzee Khorshed aliendesha riksho miaka thelathini, na mapafu yalipochoka alikaa kizingitini akaapa kwamba binti yake hatapewa mtu wa kuamrishwa. Mshenga alipoleta wasifu wa Ripon, wenye picha, kimo, elimu na jina la ukoo, mzee alisoma mpaka kwenye neno "karani", kisha akafunika chai yake kwa karatasi ile ili nzi wasiingie.

"Kwa hiyo mimi ni kifuniko," Ripon akasema kwenye simu usiku huo.

"Nivumilie. Baba ni mgumu."

"Sina muda wa kuvumilia, Shiu. Nitapata cheo."

Wiki tatu baadaye mshenga akaleta wasifu mpya, Ripon ameuandika kwa mkono wake mwenyewe kwa herufi za kupendeza: *Cheo: Mkurugenzi Mtendaji.* Chini yake, sahihi yenye mkia mrefu. Mzee Khorshed aliusoma mara mbili, akakubali, akaagiza peremende.

"Umepanda kwa ngazi au kwa mabawa?" Shiuli akamuuliza.

"Alhaji Motaleb ameona kipaji changu."

"Kipaji cha kukata watu nusu siku?"

"Jiandae tu. Baada ya Idi nakuja na wazee."

Alijiandaa. Lakini siku tisa kabla ya Idi wanawake tisini na wanne walifika kazini wakakuta kufuli jipya kwenye geti. Mshahara wa miezi mitatu ulikuwa umebaki upande wa pili wa kufuli hilo, na Alhaji alikuwa ng'ambo, haijulikani ng'ambo gani. Walikaa barabarani siku mbili. Polisi waliwamwagia maji, wakakaa tena wakiwa wamelowa. Siku ya tatu wakamchagua Shiuli awe msemaji, kwa kuwa alijua kusoma, na kwa kuwa ulimi wake haukuwa na haya.

Wakili wao, mama mmoja mkavu aliyeitwa Parvin, alichimba kwenye daftari la makampuni akarudi na karatasi moja.

"Jina la Alhaji halimo," akasema. "Mwajiri wenu kisheria ni mtu mmoja tu, mkurugenzi mtendaji." Akasoma jina. Jorina akageuka kumtazama Shiuli, na wengine wote wakageuka naye.

Shiuli alipiga simu akiwa bado mlangoni kwa wakili.

"Hela zetu umekula na nani?"

"Shiu, nisikilize."

"Bangili zangu ni za mshahara wa nani? Wa Jorina?"

Akakata. Ripon alimpigia mara kumi na nane, Shiuli hakupokea. Jioni Ripon akamfuata kwenye kibanda cha chai, mvua ikimchuruzika, akasimama nje ya turubai akiogopa kuingia.

"Sijala hata taka moja," akasema. "Alhaji alikuwa anatafuta jina la kuandika. Ndugu zake wote walikataa. Akaniambia saini hapa, uwe mkurugenzi, mshahara ule ule. Nikasaini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yako alinifanya kifuniko cha chai."

Shiuli alimpiga kofi, kisha akalia, kisha akamvuta ndani ya turubai akamkausha nywele kwa ncha ya mtandio. Mwenye kibanda akageuka kuosha vikombe vilivyokuwa tayari safi. Shiuli alimpenda mpumbavu yule, na hakujua la kufanya na mapenzi hayo.

"Wakili wangu anasema nikane," Ripon akanong'ona. "Sahihi ya usajili niliiweka kwa haraka, herufi mbili tu. Nitasema ni ya kughushi. Kitu kimoja ndicho kinachoweza kuniumbua, ule wasifu. Uchome."

"Nitauchoma."

"Apa."

"Nakuapia kwa macho yangu."

Na aliapa kwa dhati. Lakini Parvin naye alikuwa amekwishawaeleza wanawake mambo yalivyo: sheria inamtoza faini mwajiri asiyelipa, inamfunga, inauza mali yake walipwe wafanyakazi. Sheria ina meno, ila lazima ipate mtu wa kumng'ata. Karani yule akikana na mahakama ikamwamini, kampuni inabaki kivuli, na watu wa Alhaji watazibeba zile cherehani kabla kesi nyingine haijafunguliwa.

Usiku ule Shiuli alichukua wasifu akaenda kwenye jiko la pamoja mwishoni mwa ujia, ambako vyumba kumi na vinne hupika kwa zamu. Moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria yake ya wali. Jorina akaja na bakuli, macho chini.

"Ukichuja wali wako, usimwage maji yake."

"Ya nini?"

"Mtoto anywe. Nikitia chumvi anadhani ni supu."

Shiuli akamchujia, akamwongeza na wali wenyewe, Jorina akaurudisha wali sufuriani kwa kijiko, nusu kwa nusu, akisema inatosha. Alipoondoka moto ulikuwa umebaki makaa, bado wa kutosha kuchoma karatasi moja. Shiuli aliukunja wasifu akaufunga kwenye pindo la mtandio.

Mahakama ya Kazi ilikuwa na feni moja iliyozunguka juu ya jaji peke yake. Ripon alivaa lile shati jeupe la sokoni, sasa halina pasi.

"Mimi ni karani, Mheshimiwa. Sahihi hiyo si yangu."

"Upande wa wafanyakazi mna ushahidi mwingine?" jaji akauliza.

Shiuli akasimama. Ripon alipomwona amesimama, akatabasamu. Alidhani amekuja kumtetea, na tabasamu hilo ndilo lililomwondolea Shiuli usingizi miaka yote iliyofuata. Akafungua pindo la mtandio.

Jaji alisoma kwa sauti, bila haraka. "Kimo, futi tano na inchi saba. Rangi, maji ya kunde. Hadai chochote kwa upande wa bibi harusi. Hupenda kutembea kandokando ya mto." Watu wakacheka, hata karani wa mahakama. "Cheo, Mkurugenzi Mtendaji." Akainua macho. "Sahihi hii nayo imeghushiwa?"

Ripon hakumtazama jaji. Alimtazama Shiuli.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yangu."

Cherehani ziliuzwa. Wanawake tisini na wanne walilipwa miezi yao mitatu na fidia juu. Ripon alipewa miezi sita jela, na faini aliyoshindwa kuilipa ikageuzwa miezi minne mingine. Alhaji Motaleb hakutozwa kitu, kwa kuwa hakukuwa na karatasi iliyomjua.

Jorina na wenzake walichanga wakamnunulia Shiuli sari nyekundu. Mzee Khorshed alisema alijua tangu mwanzo kwamba yule alikuwa karani. Shiuli alikwenda gerezani mara tano, na mara tano askari akarudi na jibu moja, kwamba mfungwa hataki mgeni. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kipya kilifunguliwa barabara ya pili, kwa jina jingine na mkurugenzi mwingine, mpwa wa mtu fulani. Shiuli akaenda kushona huko, kwani wenye viwanda wengine walikuwa wamesikia habari za ulimi wake, na huko hawakujali ili mradi anashona.

Siku ya kutoka kwa Ripon, Shiuli aliomba ruhusa ya nusu siku, ikakatwa kwenye mshahara wake. Alivaa sari nyekundu na bangili zilizobaki, saba kati ya kumi na mbili, akasimama kwenye mlango mdogo wa gereza ambao hupita mtu mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno: matusi, kilio, hata kofi. Kila neno alikuwa na jibu lake.

Ripon alitoka ameshikwa mkono na mama yake. Alikuwa amekonda, na shati lilimning'inia. Mama alimwona Shiuli kwanza, akazitazama bangili, kisha akasimama. Ripon naye akasimama, hatua mbili tu kutoka kwake, akamtazama usoni kwa upole kabisa, kama alivyowatazama wanawake wote wa kiwanda asubuhi alipokuwa akiwaandika mahudhurio.

"Dada," akasema, "tupishe, mama amechoka."

Shiuli akasogea pembeni, wakapita.