Walitafutwa Kusini

Maiti ilikuwa imefunikwa kwa turubai la samaki, na miguu ilikuwa nje. Inspekta aliinama, akainua ncha ya turubai, akatazama. Marehemu, nahodha wa boti ya uvuvi, alikuwa na jeraha juu ya sikio la kushoto, limefungwa kwa kipande cha shati. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka.

"Amepigwa huyo," alisema mtu mmoja katika umati uliojazana nyuma ya utepe wa polisi.

"Maji yaliwaishia, mkwewe akammaliza," alidakia mwingine, kana kwamba alikuwepo.

Inspekta hakuwajali. Wala asisifiwe kwa hilo, maana mwanamke yule hakumwamini mtu yeyote, hata daktari wake wa meno. Kituoni walimwita Mama Kwa Nini. Yeye alijua, na hakuona ubaya wowote.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Boti ndogo ya kuvulia jodari ilitoka na watu wawili: nahodha na mume wa binti yake. Walitarajiwa baada ya siku tatu, hawakuonekana. Kikosi cha uokoaji kilitafuta kwenye miamba ya kusini mpaka kikachoka, kikaambulia patupu. Kisha meli ya mizigo ikaiona boti ikielea mbali kabisa upande wa mashariki, mashine zote mbili zimepondeka, mmoja amekufa na mwingine yuko mbioni kumfuata.

"Mkuu anataka mkwe afunguliwe mashtaka ya mauaji kesho asubuhi," alisema koplo, akimenya karanga. "Watu wawili, boti moja, mmoja amekufa. Hesabu rahisi, afande."

"Ndiyo maana siipendi," alijibu Inspekta.

Mkwe alikuwa amelazwa kwenye wodi ya wanaume, mkono mmoja una dripu, mwingine una pingu. Ngozi ya uso ilikuwa inabanduka. Inspekta alivuta kiti, akakaa kitako.

"Nani alimjeruhi nahodha?"

"Gogo."

"Gogo lina mikono?"

"Wimbi lilituinua, likatubwaga juu yake. Gogo zima, mti mzima! Liliponda mashine zote mbili. Baba akarushwa, kichwa kikagonga ukingo wa boti. Na madumu ya maji, karibu yote yalipasuka, na bahari ikaingia kwenye sanduku la barafu, ikawa chumvi tupu."

"Kwa hiyo maji yakabaki machache, na midomo ilikuwa miwili."

Macho yalimjaa mkwe, akayafuta kwa bega kwa sababu ya pingu.

"Nilimpa yeye kwanza. Kila mara yeye kwanza. Ukitaka kunifunga nifunge, lakini hilo usiliseme tena."

Inspekta aliona haya kidogo, na hakupenda kuona haya akiwa kazini.

"Kwa nini hamkuita msaada?"

"Redio yetu haifiki nchi kavu kutoka kule. Ndiyo maana baba alikuwa na mlinzi wa safari. Mtu anayebaki nchi kavu, anayejua mko wapi na mnarudi lini. Mkichelewa, yeye ndiye anayepiga kelele. Nilitaka kutengeneza tanga kwa turubai, tujaribu kusogea. Baba akakataa kabisa. Akasema, tukae hapahapa, Barafu anajua tulipo."

"Barafu ni nani?"

"Shemeji yake. Kaka wa mama mkwe. Ana kiwanda cha barafu."

"Na mlipakia barafu kwake?"

"Aliipakia mwenyewe. Mabonge mpaka mfuniko haufungi. Baba akamtania kwamba sasa jodari watakosa pa kulala."

Mlangoni Inspekta alikutana na daktari wa uchunguzi wa maiti. Daktari hakumung'unya maneno. Jeraha halikumuua nahodha. Alikuwa amekufa kwa kiu, jua na kidonda kilichooza, tena juzi tu.

"Angepatikana mapema?"

"Angekuwa kwenye kitanda cha jirani na mkwewe, anatusumbua."

Kiwanda cha barafu kilikuwa banda refu nyuma ya soko la samaki, lenye sakafu iliyolowa na msumeno mkubwa mezani. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa mabuti ya mpira. Aliwakaribisha polisi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa, na kweli alikuwa amefiwa. Ukutani palikuwa na picha ya kijana anayecheka.

"Mwanangu," alisema Barafu alipoona Inspekta anaiangalia. "Bahari ilimchukua."

"Pole sana, mzee. Nahodha alikuambia anakwenda wapi?"

"Miamba ya kusini. Na mimi nikawaambia uokoaji hivyo hivyo, jioni ile ile alipochelewa."

"Alikutwa mashariki."

"Afande, wavuvi wa jodari unawajua? Mtu akipata pa kuvua, mkewe hamwambii. Hudanganyana asubuhi, wakionana jioni wanacheka. Labda na mimi alinipiga chenga." Alishusha pumzi. "Mimi namlaumu mkwe. Alikuwa naye, mie sikuwepo."

Koplo aliitikia kwa kichwa. Maelezo yalikuwa mazuri. Inspekta aliyaona mazuri kupita kiasi, lakini hakuwa na pa kuyashikia.

Hapo akaingia mvuvi, kasha dogo begani. "Nijazie hili tu, mzee. Nakwenda kusini, siku tatu hivi."

Barafu alimjazia kwa koleo, akinung'unika. "Nyie wa kusini hamninufaishi hata kidogo. Mnachukua ya kufikia tu. Mkishafika kisiwani mnajaza barafu ya yule mwizi mwenzangu, na mafuta juu."

"Sasa nibebe mzigo wa nini, wakati njiani ipo?" Mvuvi alicheka, akaondoka.

Inspekta naye aliaga. Nje alisimama ghafla hata koplo akamgonga mgongoni.

"Kwa nini umjazie mtu boti mpaka mfuniko usifungike," aliuliza, "kama anakwenda mahali ambapo barafu ipo njiani?"

Koplo aliacha kutafuna.

Walirudi gatini kwenye boti. Sanduku la samaki lilikuwa linanuka hadi koplo akageuka kando, lakini magunia ya kufunikia mabonge yalikuwemo, mengi kuliko safari ya kusini ingehitaji. Mpasuaji wa barafu kiwandani alithibitisha: asubuhi ile bosi alimwondoa kwenye msumeno, akakata mabonge yote kwa mkono wake na kuyapanga mwenyewe botini.

Jioni mjane alikuja kituoni kumwombea mkwewe. Barafu alikuwa amemshika mkono tangu mlangoni. Inspekta aliwakaribisha wote wawili ofisini, akamwambia koplo afunge mlango.

"Mama, mumeo alikuwa anakwambia anakovua?"

"Hata siku moja. Aliniambia siku tu. Mahali alimwambia kaka."

"Kwa nini kaka yako?"

"Kwa sababu ya mtoto. Mtoto wa kaka alipotelea baharini akiwa na mume wangu. Tangu hapo mume wangu akawa mtu mwingine. Akawa haendi mbali bila mpango, anafundisha wenzake. Na mlinzi wa safari hakumtaka mwingine ila kaka."

Inspekta alimgeukia Barafu. "Mzee, una haki ya kukaa kimya, na utakalosema laweza kutumika mahakamani. Wa kusini unawapa ya kufikia tu. Nahodha ulimpa mabonge mpaka mfuniko ukakataa."

"Aliomba mwenyewe."

"Na hukumuuliza kwa nini? Wewe, unayemgombeza mtu kwa kasha dogo?"

"Shemeji yangu. Nilimpendelea."

"Ulimpendelea na mzigo wa kuzamisha boti? Mtu mwenye tahadhari kama yule angekubali kubeba uzito wote huo mpaka kisiwani, apite mbele ya barafu nyingine?"

"Sijui."

"Unajua. Ulimjazia kwa sababu kule mashariki hakuna kisiwa wala barafu. Ulijua anakokwenda tangu saa ile ulipoushika msumeno."

Mjane aliuondoa mkono wake taratibu. "Kaka, mwambie si kweli."

Barafu aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ile ile ya upole, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta.

"Alipomchukua mwanangu, hakumwambia mtu wanakwenda wapi. Aliogopa kuibiwa jodari wake. Tulitafuta kusini, kaskazini, kila upande, kwa sababu hakuna aliyejua. Yeye akaokotwa hai. Mwanangu hata nguo yake sikuipata."

"Aliomba msamaha, kaka. Alipiga magoti kwako!"

"Alipiga. Nikamsamehe. Halafu akawa mwalimu. Gawa mafuta mafungu matatu, la kwendea, la kurudia na la akiba. Beba maji maradufu. Acha mtu nchi kavu anayejua ukweli. Kila mkutano anaanza, 'Nilimpoteza kijana mmoja.' Watu wanampigia makofi. Kijana mmoja! Hana jina, hana baba. Hayo yote alijifunza kwa mwanangu." Alifuta uso kwa kiganja. "Kisha akaniambia, 'Shemeji, uwe mlinzi wangu, hakuna anayejua kungoja kama wewe.' Alidhani ananipa heshima."

"Ulipanga tangu hapo?"

"Sikupanga. Naapa. Safari zote nilimlinda kweli. Hata jioni ile nilikwenda uokoaji nikiwa na nia ya kusema mashariki. Afisa akaniuliza, wamekwenda wapi? Nikasikia mdomo wangu unasema kusini. Nikajiambia, kesho nitasahihisha. Kesho nikaona maboti yanahangaika kulekule yalikohangaika kwa mwanangu. Nikanyamaza. Kesho kutwa nikaogopa kusema."

"Na kijana aliyekuwa naye, alikukosea nini?"

Barafu alisema tu, "Nilitaka shemeji ajue kungoja kulivyo. Basi."

Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, ya walevi, ya wezi, ya waume. Moyo haukuwahi kumwuma hivi.

Mjane alisimama. Hakulia, wala hakupaza sauti.

"Mume wangu hakungoja, kaka. Yeye alikuwa anakufa. Aliyengoja ni mimi. Kila asubuhi nilikuja kwako nikakuuliza, watapatikana? Na wewe ukanishika mkono ukaniambia, watapatikana, dada."

Barafu aliutazama mkono wake.

"Pingu za mkwe wangu mnazifungua lini?" mjane alimwuliza Inspekta.

"Sasa hivi, mama. Koplo anakwenda."

"Nitakwenda naye," alisema, na alitoka bila kumtazama kaka yake.